Kompyuta imekataa kuamini kwamba mimi ni mwanafunzi

Yaya mpendwa,

Ninakusalimu kwa heshima. Mimi ni msichana wa mwaka wa tatu wa licence (shahada ya kwanza) katika uhandisi wa ujenzi, kwenye chuo kimoja cha hapa Lubumbashi, na ninaishi kwa mjomba wangu katika komini ya Kampemba. Kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho wa licence, mwalimu anayeniongoza ametaka michoro yote ifanywe kwa programu ya kampuni moja ya kigeni. Bei yake ya mwaka inapita karo yangu, lakini wanafunzi huipata bure wakithibitisha kwenye intaneti kwamba wanasoma kweli.

Nilijaza fomu yao kwa uangalifu. Kwa kuwa chuo changu hakijatupa anwani za barua pepe, nilipiga picha kadi yangu ya mwanafunzi nikaituma, na jibu likaja kwamba hati haikubaliki. Nikatuma bordero ya benki inayoonyesha kwamba karo imelipwa. Nayo ikakataliwa, safari hii kwa maelezo kwamba jina halilingani na lile la kwenye fomu. Jina ni langu, Yaya, sina jingine. Kadi yenyewe tuliipata kwa kuchelewa sana, na juu yake umeandikwa mwaka wa masomo ambao kwa kalenda umekwisha, ingawa sisi bado tuko ndani yake.

Sasa kijana mmoja wa cyber iliyo karibu na nyumbani ananiambia kwamba kwa dola kumi anaweza kunipatia akaunti iliyokwisha kuthibitishwa, kwa jina la chuo cha ng'ambo, mradi nimpe picha ya kadi yangu ya mpiga kura. Wenzangu wawili wamekubali, na programu inafunguka. Mjomba naye ananihimiza nisichelewe, kwa sababu ana rafiki anayetaka kuchorewa nyumba na yuko tayari kunilipa. Je, nikubali? Na kama si vizuri kukubali, nifanye nini ili hao watu waniamini?

Ni mimi, msomaji wa Kampemba

Mdogo wangu,

Usimpe kijana huyo picha ya kadi yako ya mpiga kura, na kama umekwisha kumtumia, nenda umwombe aifute ukiwa unatazama. Katika nchi yetu kadi hiyo ndiyo inayosimama mahali pa kitambulisho cha uraia, nayo ndiyo watu wanayoionyesha wanaposajili namba ya simu au kupokea pesa zilizotumwa. Ikizunguka kwenye simu za watu usiowajua, deni au utapeli utakaofanywa kwa jina lako utakuja kubisha mlangoni kwa mjomba wako. Dola kumi ndiyo hasara ndogo katika biashara hiyo.

Ama akaunti yenyewe, fikiri jinsi ilivyopatikana. Imefunguliwa kwa hati ya kughushi, au kwa anwani ya barua pepe ya chuo ambacho hukuwahi kukanyaga, na kughushi hati pamoja na kuitumia ni makosa katika sheria yetu ya adhabu, hata kama hati hiyo haikuchapishwa kamwe kwenye karatasi. Tena uthibitisho wa mwanafunzi hauwi wa kudumu. Leseni za elimu za Autodesk na za JetBrains, kampuni zinazotengeneza programu za kompyuta, kwa mfano, ni za mwaka mmoja mmoja, na mwaka ukiisha mwanafunzi anaombwa kuthibitisha upya. Siku hiyo wenzako watamrudia kijana yule na dola nyingine, kama bado yupo. Na hata kabla ya siku hiyo akaunti inaweza kufungwa udanganyifu ukijulikana, au aliyeifungua akabadili neno la siri, maana barua pepe ya kurudishia akaunti anayo yeye. Sitaki uje kunisimulia kwamba michoro yako imefungiwa humo katika wiki ya kutetea kazi yako mbele ya walimu.

Tuje sasa kwenye swali lako la pili, ambalo ndilo lenye faida. Umeandika kana kwamba kampuni ile imekushuku wewe. Sivyo mambo yanavyokwenda. Wauzaji wengi wanaotoa bei ya wanafunzi hawakagui wenyewe. Wanaiachia kazi hiyo kampuni kama SheerID, iliyoanzishwa mwaka 2011 huko Oregon, Marekani, au UNiDAYS ya Nottingham, Uingereza. Mwanafunzi wa Marekani akijaza jina, tarehe ya kuzaliwa na chuo, taarifa zake zinaweza kulinganishwa moja kwa moja na orodha kubwa kama ile ya National Student Clearinghouse, shirika lililoundwa mwaka 1993 ambalo sehemu kubwa ya vyuo vya huko huliletea majina ya wanafunzi wao, na jibu linarudi papo hapo bila yeye kutuma karatasi yoyote. Majina ya wanafunzi wa Lubumbashi hayamo katika orodha hiyo. Kwa hiyo wewe unapelekwa kwenye njia ndefu, ile ya anwani ya barua pepe ya chuo au ya hati, na kwenye njia hiyo mkaguzi hana kitu kingine cha kukujua ila yale yanayosomeka kwenye picha uliyotuma.

Kuhusu barua pepe, usikubali haraka kwamba haipo. Vyuo vyetu kadhaa vina jina la intaneti linaloishia na .ac.cd, kama unilu.ac.cd ya Université de Lubumbashi, na mahali penye jina kama hilo huenda pana mtu wa huduma ya informatique (ya kompyuta) anayeweza kufungua anwani ya mwanafunzi anayeiomba kwa barua, ingawa hakuna aliyewatangazia wanafunzi. Nenda ukaulize, tena ikiwezekana nendeni watatu au wanne wa promosheni moja, yaani wa mwaka mmoja wa masomo, kwa sababu ombi la mtu mmoja husahauliwa mezani. Anwani ya namna hiyo ikipatikana, njia inakuwa fupi: JetBrains, kwa mfano, hutambua wanafunzi kwa kutazama sehemu inayofuata alama ya @, na orodha yake ya majina ya vyuo vya dunia imewekwa wazi kwenye tovuti ya GitHub, ambako chuo kisichomo kinaweza kuombewa kuongezwa. Hilo ni jambo ambalo watu wa informatique wa chuo chako wangeweza kulifanya mara moja, nanyi nyote mkafaidika pamoja na wadogo zenu watakaofuata.

Barua pepe isipopatikana, zinabaki hati, na hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Mkaguzi, awe mtu au mashine, hutafuta kwenye hati jina lako, jina la chuo, na tarehe inayoonyesha kwamba unasoma sasa. Yote matatu yawe kwenye hati moja, na yawe sawasawa na uliyoandika kwenye fomu.

Jina ndilo linalowaangusha watu wetu kuliko kitu kingine. Mwaka 1972 Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo, wazazi na babu zetu walilazimika kujijazia majina ya nyumbani, na tangu hapo karatasi zetu zina jina na postnom, yaani jina la pili linaloandikwa baada ya lile. Prénom, yaani lile jina la Kikristo, iliporudi waziwazi pamoja na mabadiliko ya miaka ya 1990, Mkongomani akabaki na nafasi tatu mahali ambapo fomu ya Mmarekani ina mbili tu, jina la kwanza na jina la ukoo. Tena sisi tunaanza na jina na kumaliza na prénom, wao wanaanza na prénom. Tuseme mtu anaitwa Kabwe Mwamba Rachel. Kwenye fomu atajiandika Rachel Mwamba, kwa sababu darasani ndivyo wanavyomwita. Kadi yake inasema Kabwe Mwamba Rachel. Diploma ya Serikali ina Rachelle yenye herufi mbili za ziada. Na kwenye wasifu wa akaunti yake amejipa jina la mzaha. Mtu wa hapa angetabasamu na kuelewa. Mkaguzi aliye mbali, mwenye hati nyingi za kupitia, anaona watu tofauti.

Basi fanya hivi: katika nafasi ya jina la kwanza weka prénom yako, katika nafasi ya jina la ukoo weka jina na postnom yote mawili, kwa mpangilio na herufi zilezile za hati utakayotuma, na usahihishe pia jina lililo kwenye wasifu wa akaunti kabla ya kutuma chochote. Hati ndiyo inayoongoza, fomu inaifuata. Usijaribu kamwe kurekebisha hati kwenye simu ili ifanane na fomu, hata kama unachokirekebisha ni kosa la kweli la karani, kwa sababu hati iliyoguswa inakuwa hati ya kughushi, na uliyekuwa na haki unajikuta uko upande wa yule kijana wa cyber.

Nirudi kidogo kwenye bordero yako ya benki. Itazame tena vizuri: nani alikwenda benki siku ile? Kama mjomba wako ndiye aliyelipa, inawezekana sana kwamba kwenye mstari wa jina ameandikwa yeye aliyeweka pesa, na jina lako limejibana chini katika mstari wa maelezo, au limeandikwa kwa mkono. Karani wa benki hakukosea, maana kazi yake ni kumjua aliyeleta pesa. Lakini kama mambo ni hivyo, jibu ulilopewa lilikuwa sahihi kabisa, na bordero hiyo haitakusaidia hata ukiituma tena na tena.

Kadi nayo ina udhaifu wa tarehe, na hilo umelieleza mwenyewe. Miaka yetu ya masomo huchelewa kuanza na huchelewa kuisha, kwa sababu za karo, za migomo na nyinginezo tunazozijua, hata mwaka ulioandikwa kwenye kadi ukawa umepita kwenye kalenda ilhali mitihani bado. Mgeni hawezi kujua hayo. Anaona mwaka uliopita, anahitimisha kwamba umemaliza.

Kwa hiyo acha kadi, acha bordero, uende ofisi ya apparitorat, inayoshughulikia karatasi za wanafunzi, ya kitivo chako ukaombe attestation de fréquentation. Hiyo ndiyo hati ninayoiamini kuliko zote kwa kazi hii, kwa sababu inatolewa kwa ajili yako wewe, inasema kwamba unahudhuria masomo, na chini yake huandikwa mahali na tarehe ilipotolewa, pamoja na sahihi na muhuri. Tarehe hiyo mpya ndiyo inayoziba pengo la mwaka wa masomo. Mwombe karani kwa adabu aandike majina yako matatu kwa utaratibu, pamoja na promosheni na idara, na kabla hajaipeleka kutiwa sahihi uisome herufi kwa herufi, kwa maana kosa likishapigwa muhuri utapanga mstari upya. Hati ya aina hiyo huwa na malipo madogo. Lipa kwenye kasa ya chuo na udai risiti.

Angalia pia kichwa cha hati. Hati zetu nyingi huanza na maneno République Démocratique du Congo, kisha Enseignement Supérieur et Universitaire, ndipo jina la chuo linapofuata na sanduku lake la posta, mara nyingine kwa herufi ndogo kuliko zilizo juu yake. Mkaguzi asiyejua Kifaransa anaweza kuchukua jina la wizara akadhani ndilo jina la chuo. Huwezi kubadili kichwa, lakini unaweza kuhakikisha kwamba jina la chuo limetajwa kwa ukamilifu katika maneno ya hati yenyewe. Na unapochagua chuo kwenye orodha ya fomu, jaribu jina kamili la Kifaransa, kisha la Kiingereza, usitegemee kifupisho tunachokitumia mjini. Kama hakimo kabisa, tafuta mahali pa kuwajulisha kwamba chuo chako hakipo kwenye orodha, wala usichague cha jirani kwa kuwa majina yanakaribiana.

Picha yenyewe ipigwe mchana, karibu na dirisha, hati ikiwa imelazwa juu ya meza, pembe zake nne zikionekana, bila kivuli cha mkono wala mwanga wa taa unaofuta muhuri. Ukiipitisha WhatsApp ili kuihamisha kutoka simu kwenda kompyuta, itume kama hati (document) na si kama picha, kwa sababu WhatsApp hupunguza ubora wa picha za kawaida na maandishi madogo yanageuka ukungu. Siku ya kutuma zima VPN yoyote uliyo nayo, yaani programu inayoficha mahali ulipo. Mtu anayejitambulisha kuwa anasoma Lubumbashi huku mtandao wake unaonyesha yuko nchi nyingine anajitilia shaka mwenyewe, na huduma kadhaa hutazama hilo.

Mwisho wa habari hii, usitume tena chochote mpaka hati hiyo iwe mkononi. Mifumo mingi huruhusu majaribio machache kisha hufunga mlango, na baada ya hapo unabaki kuandikia huduma ya wateja. Kama umekwisha kufungiwa, waandikie kwa sentensi chache, kwa Kiingereza au Kifaransa, ukiambatanisha attestation na kueleza jambo moja tu: kwamba nchini Kongo mtu ana jina, postnom na prénom, na kwamba majina yote matatu yaliyo kwenye hati ni ya mtu mmoja. Malalamiko marefu hayasomwi.

Wakati ukisubiri, usiache kuchora. LibreCAD ni programu ya kuchora iliyo ya bure kwa kila mtu, mwanafunzi na asiye mwanafunzi, haiombi hati yoyote, ni nyepesi kwa kompyuta ya zamani na haitakula megabaiti zako zote kama zile programu kubwa. Inachora ramani za pande mbili na kuhifadhi katika muundo wa DXF, ambao programu kubwa za uchoraji huufungua, kwa hiyo michoro ya msingi na ya kuta unaweza kuianza leo na kuihamisha baadaye. Kwa kazi ya pande tatu kuna FreeCAD, nayo ya bure, ingawa inataka uvumilivu zaidi mwanzoni. Mweleze mwalimu wako wazi kwamba uthibitisho bado unashughulikiwa na umwonyeshe michoro uliyokwisha kufanya. Walimu wengi wanachotaka kuona ni vipimo na mantiki ya jengo, na asipokubali, angalau atajua kwamba hukukaa bure.

Limebaki suala la rafiki wa mjomba wako, ambalo uliligusa kwa haraka na mimi silipendi kupita. Leseni ya elimu hutolewa kwa ajili ya kujifunza. Siku utakapoipata kihalali, ukachora nayo nyumba ya mtu na kupokea malipo, utakuwa umevunja masharti uliyoyakubali ulipobonyeza kitufe, na mwenye kukuingiza humo atakuwa ni mjomba kwa nia yake njema. Mwambie hivyo kwa heshima, jioni mkiwa mmetulia, na umweleze kwamba ramani ya rafiki yake unaweza kuichora kwa LibreCAD, ambayo leseni yake inaruhusu kazi ya malipo bila swali, mradi mhandisi aliyehitimu aipitie na kuitia sahihi kabla mtu hajachimba msingi, kwa sababu wewe bado hujapata haki ya kuitia sahihi ramani ya nyumba ambayo watu watalala ndani yake. Malipo mtagawana naye.

Yaya wako